Kilichofukiwa Kina Mwenyewe



Ukitaka kujua ni mataifa mangapi yaliyofanya biashara katika bandari zetu, si lazima ufungue kitabu. Sikiliza tu namna tunavyoitaja fedha. Neno fedha lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini yale meupe ya bangili na vikuku. Pesa imetoka Bara Hindi, ambako paisa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na rupia imetoka huko huko. Hela waliwaachia Wajerumani jirani zetu wa Tanganyika. Faranga ni ya Wafaransa. Riale ni jina walilolipa wazee wetu lile jisarafu la fedha lenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780. Hata thumuni, ambayo wazee bado huitaja wakikusudia senti 50, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane.

Majina hayo yamebaki midomoni mwetu. Sarafu zenyewe, nyingi zake, zimeingia ardhini.

Sarafu huingia ardhini kwa njia nyingi, na aghalabu ni njia za kawaida za nyumbani. Fundo la kanga hulegea. Mtoto hukimbilia pembea siku ya Idi, mfuko ukatoboka. Mchuuzi huhesabu chenji gizani, moja ikamponyoka. Zamani, kabla ya benki kuzoeleka mitaani, watu walizika akiba zao ndani ya vyungu, wakasafiri, wakafia ugenini, na siri ikafa nao. Ardhi hupokea senti ya maskini na dinari ya tajiri, zote ikazifunika sawasawa. Nataka leo niwasimulieni, akina mama na akina baba wenzangu, habari ya mashine inayoweza kuzisikia sarafu hizo zikiwa chini ya mchanga, ya mjukuu wangu aliyepewa mashine hiyo, na ya swali ambalo mashine haiwezi kulijibu: kilichotoka ardhini ni cha nani?

Kijana huyu ana umri wa miaka 14. Baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mama yake, ambaye ni binti yangu, huuza mahamri na viazi vya karai ili nyumba iende. Mashine aliletewa na mjomba wake afanyaye kazi Uingereza, nchi ambayo watu wengi hushinda mashambani na kwenye bustani wakitafuta sarafu za kale kama wengine wanavyovua samaki. Mjomba alifikiri kuwa likizo ya Agosti ni ndefu, na kijana asiye na baba yafaa awe na jambo la kumshughulisha. Alifikiri vyema.

Mashine yenyewe ni fimbo ndefu ya madini mepesi. Chini yake pana sahani ya duara, na juu, karibu na mkono, pana kisanduku chenye kioo kidogo na spika. Ndani ya ile sahani mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri unapopita katika waya huo, huzaa nguvu ya sumaku inayopenya mchangani. Ikikutana na chuma, shaba, fedha au dhahabu, madini hayo huamka na kujibu kwa nguvu yao ndogo, na mashine ikalia. Ni ndugu wa kile kijiti ambacho askari hutupitishia mwilini mlangoni mwa benki na maduka makubwa. Mashine ya kawaida kama hii husikia sarafu iliyo kina cha shubiri moja hivi. Zaidi ya hapo huwa kiziwi. Mchanga uliolowa maji ya bahari nao huisumbua, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme, basi ikawa yalia ovyo pasipo na kitu.

Tuliichagua bustani ya Mama Ngina, pale penye mibuyu mbele ya bahari, ambako familia za Mombasa huenda jioni kupunga upepo, kula muhogo wa pilipili na ndimu, na kunywa madafu. Hatukwenda kutafuta vitu vya kale. Tulikwenda kutafuta shilingi zilizowaangukia watu. Kabla ya yote tuliomba ruhusa kwa wasimamizi wa bustani, nao walitukubalia kwa masharti matatu: tusichimbe kina kinachozidi kiganja, tusiguse mizizi ya miti, na kila shimo tulifukie hapo hapo, jani likae juu ya jani lake. Masharti hayo nayaandika kwa sababu ni adabu inayomfaa kila mtu. Bustani ya umma si shamba la mtu mmoja, na mtoto wa mwenzio atakimbia hapo kesho bila kutazama chini.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana aliinama juma zima. Alichopata zaidi ni vizibo vya soda, vifuniko vya makopo, misumari, karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, na ufunguo mmoja uliokula kutu. Nilimtaka aandike kila kitu katika daftari la shule: tarehe, mahali, kina kwa vidole, na kilichotoka. Mali bila daftari huisha bila habari. Alinung'unika, kisha akazoea, kisha akapenda. Mwisho wa juma daftari lilionyesha vizibo 112 na sarafu 9. Wafagiaji wa bustani walituombea dua kwa ajili ya vile vizibo.

Sarafu nane katika zile tisa zilikuwa shilingi za siku hizi. Ya tisa ilimfanya aje mbio hadi kwenye jamvi nilipokaa. Ilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zimechorwa kulizunguka. Niliitambua kabla sijavaa miwani: senti 10 ya Afrika Mashariki, ya zama za Mfalme George wa Tano, mwaka 1922. Nilimweleza kwamba bodi ya fedha iliyoundwa mwaka 1919 ndiyo iliyoitoa sarafu hiyo kwa ajili ya nchi zetu hizi, na kwamba shilingi ilishika nafasi mwaka 1921 baada ya rupia na florini kuondoka. Nilimweleza pia kwamba mamangu alikuwa akizitunga kwenye uzi kama shanga, akaufunga uzi huo kiunoni chini ya kanga, na ukitaka kujua kama ana fedha siku hiyo, ulisikiliza anavyotembea. Mjukuu wangu hakumwona mama huyo. Siku ile alimjua kidogo.

Juma la pili mashine ililia kwa sauti nyembamba karibu na kiti cha saruji, na kijana akatoa kipuli cha dhahabu.

Hapa ndipo mchezo ulipokoma kuwa mchezo. Rafiki zake waliokuwapo walishangilia, wakaanza kukisia kitauzwa kiasi gani. Yeye alikileta kwangu mkono umefumbwa, akaniuliza, "Nyanya, hiki ni changu?"

Nilimjibu kuwa kitu cha kuokota kina hukumu yake katika dini yetu, na kinaitwa luqata. Bwana Mtume, rehma na amani zimshukie, aliulizwa juu ya jambo hilo, naye akafundisha kwamba mwenye kuokota atambue sifa za kitu, chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze muda wa mwaka. Mwenyewe akija, apewe. Maana ya kuzitambua sifa ni kwamba unapotangaza huzitaji zote. Unasema, "Kimeokotwa kitu cha dhahabu bustanini," basi. Atakayekuja kudai ndiye atakayekueleza kikoje. Wanazuoni wakaongeza kwamba kutangaza kuwe milangoni mwa misikiti, sokoni na mahali wanapokutana watu, wala si ndani ya msikiti wenyewe, kwa kuwa msikiti haukujengewa kutafutia vilivyopotea.

Tulibandika karatasi bustanini, tukawaambia watu mlangoni mwa msikiti, nami nikalitaja jambo hilo katika darsa la akina mama na katika harusi mbili. Walikuja watu watatu. Wa kwanza alisema ni mkufu. Wa pili alisema ni pete ya mchumba wake. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Likoni, naye hakusema neno. Alifungua fundo la leso yake, akaweka mezani kipuli kimoja, pacha wa kile chetu. Vilikuwa vya marehemu mama yake, alivyopewa siku ya ndoa. Alikipoteza kimoja siku ya Idi, na tangu siku hiyo alikuwa amekiweka cha pili bila kukivaa wala kukiuza. Alimshika kijana kichwani akamwombea dua ndefu, na kijana akainamisha macho. Nyumbani alikuwa kimya hadi Isha.

Nimeisimulia habari ya kipuli kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyotusaidia lilipokuja jambo zito zaidi.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa mvua ilinyesha usiku, na asubuhi yake kijana alikuta mashine ikilia mahali ambapo maji yalikuwa yamechukua udongo wa juu. Vidole viwili tu chini yake palikuwa na sarafu ya shaba, nyeusi kwa ukongwe. Upande mmoja ulionyesha neno Mombasa na mwaka 1888. Upande wa pili ulikuwa na mizani, maandishi ya Kiarabu, na mwaka 1306 wa Hijria. Ilikuwa pesa, pesa ya kweli, ile iliyotoa jina. Kampuni ya Kiingereza iliyokodisha pwani hii kwa Sultani wa Unguja ilizitoa wakati huo, kabla serikali yao haijaja. Mizani haikuwa ngeni kwa watu wetu, kwani miaka michache nyuma Sayyid Barghash naye alikuwa ametoa pesa zake za shaba zenye mizani, za mwaka 1299 Hijria.

Binti yangu aliichukua aikoshe kwa ukwaju, kama tusafishavyo sinia za shaba. Nilimzuia nikamweleza sababu, nami nitairudia sababu hiyo mwishoni.

Habari haikukaa nyumbani. Siku ya pili alikuja bwana mmoja mwenye maneno laini, asiyekuwa wa mtaa wetu. Alikunywa kahawa, akaisifu ile sarafu, akatoa noti za shilingi 5,000 akaziweka mezani. Kisha akaeleza haja yake ya pili. Ng'ambo ya maji, alisema, kuna magofu mengi ya miji ya kale yaliyofunikwa na msitu, na hapana mtu anayeyatazama usiku. Kijana anajua kuitumia mashine. Amchukue usiku mmoja mmoja, naye atalipa shilingi 3,000 kila usiku, kipatikane kitu au kisipatikane.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba neno hilo lilikuwa jepesi katika nyumba yetu. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na karo ilikuwa haijatimia. Binti yangu alizitazama zile noti, akanitazama mimi, akaondoka kwenda jikoni. Nilimwambia bwana yule kwamba katika nyumba isiyo na baba jambo halikatwi kwa kikombe kimoja cha kahawa, na kwamba azichukue fedha zake hadi tumjibu. Alizichukua shingo upande.

Usiku kijana aliniambia, "Nyanya, lakini hivi si kama kipuli. Watu wa magofuni wamekufa zamani. Hapana atakayekuja na pacha."

Ni hoja, na hoja ya mtoto hujibiwa. Nilimjibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni la dini. Kuna mali ya kufukiwa inayoitwa rikazi, ambayo mwenye kuipata hutoa khumsi, yaani fungu moja katika matano, na kinachobaki kikawa chake. Wengi wamelisikia hilo na wakasimama hapo. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza kwamba rikazi ni dhahabu na fedha iliyofukiwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu. Mali iliyo na alama ya Uislamu, kama sarafu yenye jina la mfalme Mwislamu au maneno ya dini, hukumu yake ni ya luqata, kwa kuwa ni mali ya Mwislamu aliyekuwa na warithi. Na kilichookotwa njiani au mahali pa watu wote kinarudi kwenye luqata vile vile. Sasa magofu ya pwani yetu ni ya nani? Ni misikiti yenye mihirabu, ni visima vya kutawadhia, ni makaburi ya Waislamu. Mwenye kutaka hukumu ya jambo lake mahsusi amwendee shekhe wake, lakini asiingie msituni usiku akidhani kwamba kila kilichofukiwa ni halali kwa mwenye jembe.

La pili ni la sheria ya nchi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vya namna hiyo vikipatikana ardhini ni mali ya taifa, na mwenye kuvipata anatakiwa awaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, aonyeshe mahali hasa alipovipata. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Hivyo senti yetu ya 1922 ilikuwa kumbukumbu tu ya nyumbani, lakini pesa ya 1888 ilikuwa imekwishavuka mpaka huo, na siku zetu zilikuwa zinahesabika.

La tatu sikulichukua kitabuni. Nilimwambia, "Waislamu hatuziki maiti na mali. Atakayechimba makaburi yale hatapata ila mifupa. Waliotangulia kuyaiba walibandua zile bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi, na leo zimebaki alama za duara tu. Baba yako amelala katika makaburi yetu hapa mjini. Miaka mia tano ijayo wewe hupo, mimi sipo, na hapana atakayemjua. Je, akija mtu na mashine?"

Hakujibu. Asubuhi alikuwa amevaa kanzu safi, ameichukua pesa ndani ya karatasi, na daftari lake kwapani.

Tulikwenda Ngomeni, yaani Fort Jesus. Afisa aliyetupokea hakuanza kwa kuuliza sarafu ina thamani gani. Aliuliza, "Mlipata wapi hasa? Kina gani? Ilikuwa pamoja na nini?" Kijana alifungua daftari akasoma: tarehe, hatua ngapi kutoka mbuyu upi, vidole viwili, baada ya mvua, hapana kitu kingine. Afisa aliliomba daftari akalisoma yeye mwenyewe, kurasa zote, pamoja na vizibo. Alituandikia stakabadhi yenye jina la aliyeokota. Kisha akatueleza jambo lililonishangaza: pesa za 1888 zilitengenezwa kwa wingi, na wakusanyaji wa sarafu hawazilipii fedha nyingi.

Basi zile shilingi 5,000 zilikuwa za nini? Tulielewa tukiwa bado pale mlangoni. Zilikuwa chambo. Bwana yule hakuitaka pesa yetu, alimtaka mtoto. Angekamatwa msituni usiku, angekamatwa yeye na mashine yake, na mwenye noti angekuwa amekwishapotea.

Njiani kurudi nilimsimulia kijana kwa nini afisa alilipenda daftari kuliko sarafu, maana nilifundisha historia kwa miaka 30 na sina raha kuliko ninapoulizwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakujua ni za nani. Alichofanya ni kuchukua ramani na kutia alama ya mahali alipozipata. Miaka 35 baadaye zilichunguzwa, na tano kati yake zikaonekana kuwa sarafu za Kilwa, zenye majina ya masultani wa pwani yetu! Namna zilivyofika huko, maelfu ya kilomita kutoka kwao, wataalamu wangali wanajadiliana. Lakini wasingekuwa na la kujadili lau askari yule hakutia alama.

Nilimweleza habari ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walipata visarafu vidogo mno vya fedha vyenye majina kama Muhammad na Abdallah. Kwa kuwa walichimba tabaka baada ya tabaka wakiandika kila kitu, visarafu hivyo ni miongoni mwa mashahidi kwamba Uislamu uliishi pwani hii tangu karne zake za mwanzo, tena kwa watu waliotengeneza fedha zao wenyewe. Nilimweleza habari ya Mtambwe Mkuu, kule Pemba, ambako mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Na nilimweleza jambo ninalolipenda kuliko yote, kwamba sarafu za kina Ali bin Hasan wa Kilwa zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola wake, na pande hizo mbili zina vina. Watu wetu walitia vina hata kwenye fedha ya kununulia samaki.

"Na kama wangeziuza?" aliniuliza.

"Zingekuwa kwenye sanduku la mtu, Ulaya au kwingineko, bila mahali wala kina. Mtu angesema ni nzuri, na hapana lolote jingine ambalo angeweza kulisema."

Bwana wa kahawa alirudi. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyemjibu, mlangoni, kabla hajavua viatu. Karo ya muhula ule ililipwa kwa mahamri na kwa mchango wa ndugu, nusu mwanzo na nusu mwishoni, kama walipavyo wengi wetu. Kijana bado anayo mashine yake, na siku za Ijumaa baada ya swala huonekana bustanini na wenzake wanne, mmoja akishika fimbo, mmoja akifukia mashimo, na mmoja akiandika.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake atapata mashine kama hii, au ataokota tu kitu akilima bustani ya nyumbani, nausia haya. Aombe ruhusa ya mwenye mahali kabla ya kuchimba, na aache mahali kama alivyopakuta. Asiingie kabisa katika magofu na makaburi. Kitu cha mtu kitangazwe, na sifa zake zifichwe hadi mwenyewe ajieleze. Kitu cha kale kiandikiwe mahali na kina, kifungwe kwa karatasi kavu, na wenye kazi waarifiwe ndani ya siku zile 7. Wala kisioshwe. Ukwaju, ndimu na majivu tunavyong'arishia sinia huila shaba, na ule weusi wa juu ndio unaoyahifadhi maandishi. Sarafu iliyokaa ardhini zaidi ya karne yaweza kufutika maandishi kwa asubuhi moja ya jikoni.

Na kwa akina mama wenzangu nina ombi. Si lazima mtu awe na mashine. Katika nyumba nyingi za pwani mna kasha la bibi, na ndani ya kasha, chini ya kanga zilizokunjwa na udi, mna riale iliyobaki baada ya nyingine kuyeyushwa na sonara zikawa bangili, au senti za tundu kwenye uzi, au pesa ya mizani. Zitoeni jioni moja. Muulizeni bibi ni za nani, zilinunua nini, nani alizileta, kisha mtoto mmoja wa nyumba aandike majibu yake pamoja na tarehe. Sarafu itangoja. Bibi ndiye wa kuulizwa sasa, angali yupo na angali anakumbuka.

Wabillahi tawfiq.